Kabla Hujasema Amerogwa, Muulize Anakula Nini

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari katika hospitali ya wilaya mkoani Morogoro. Siku ya kliniki benchi hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Wagonjwa huja na kadi zao zilizochakaa kwenye mikunjo, hawajatia kitu mdomoni ili sukari ipimwe vizuri, na wengi nawafahamu hadi majina ya wajukuu zao. Nikishapima sukari, presha na uzito, huongeza swali ambalo halimo kwenye kadi: "Tangu ulipoamka jana hadi ulipolala, ulikula nini?" Nataka nielezwe kila kitu, pamoja na chai. Swali hilo limenionyesha mara nyingi kwamba mtu anayeonekana kuwa na huzuni isiyoelezeka ana mwili uliopungukiwa na kitu kinachoweza kutajwa na kutibiwa.

Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, ameletwa na binti yake. "Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia. Akaitikia marahaba akiangalia sakafu, yeye ambaye siku zote hakukaa kitini kabla ya kuniuliza hali ya watoto wangu mmoja mmoja. Binti akaeleza: baba hasomi tena gazeti, haendi kanisani, usiku halali, anasahau, anagomba kwa jambo dogo. Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo nyumbani walisema ni majonzi. Shangazi yao alisema huo ni mkono wa mtu, tena akataja mganga. Mzee mwenyewe alisema kwa sauti ya chini, "Nimechoka tu, mwanangu. Sina hamu ya kitu."

Nikamvua viatu, maana kwetu kukagua miguu ni kawaida. Tuna uzi mgumu kidogo wa plastiki wa kupimia ganzi. Mgonjwa hufumba macho, nasi tunamgusa unyayo na vidole kwa zamu. Mwalimu hakujua nimemgusa wapi. Akasema usiku miguu inawaka moto. Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hilo halishangazi, kwa kuwa sukari yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Lakini alikuwa akitembea ametanua miguu, anashika ukuta, na ulimi wake ulikuwa mwekundu, laini, umepoteza vipele vyake vidogo. Nikauliza la chakula. Asubuhi chai ya rangi na mkate. Mchana ugali na mchicha. Usiku ugali na mchicha uliobaki. Nyama aliiacha siku alipoambiwa ana sukari na presha, mayai aliyaogopa, na maziwa yalikoma alipofariki mkewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiyanunua. Dawa yake ilikuwa metformini, dozi kubwa, ya miaka mingi.

Nikayaandika yote kwenye kadi na kumpelekea daktari. Picha kamili ya damu ilionyesha damu imepungua kidogo na chembe nyekundu ni kubwa kuliko kawaida. Damu nyingine ikapelekwa maabara kubwa kupimwa vitamini B12. Majibu yaliporudi, kiwango kilikuwa chini sana.

Sonona na uchovu wa kila siku

Kila mtu huhuzunika. Sonona ni pale huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kunapokushika sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, tena kukiandamana na mengine: usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, nguvu kuisha, akili kushindwa kutulia, kujiona huna thamani, na kwa wengine mawazo ya kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 300 wanaishi na ugonjwa huu.

Visababishi vyake ni vingi: urithi wa familia, msiba, kipigo ndani ya nyumba, madeni, ulevi, uzazi, maradhi ya muda mrefu. Upungufu wa vitamini ni kimoja kati ya hivyo, na kwa wagonjwa wengi hauhusiki kabisa. Nauandikia kwa sababu unaweza kupimwa, tiba yake ni nafuu, na ukicheleweshwa huacha madhara yasiyofutika. Ni vibaya mtu kupoteza miaka akizunguka kwa waganga au akiitwa mvivu wakati kinachomsumbua kingeonekana kwenye damu.

B12: vitamini inayoisha kimyakimya

Vitamini B12 hupatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama: nyama, maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Mchicha hauna, maharage hayana, na ugali hauna, isipokuwa unga ulioongezwa virutubishi kiwandani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kisichoonekana kwa macho. Ini ndilo kihenge chake: huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo mtu aliyeacha kuvuna leo huendelea kula akiba bila kujua, na njaa hugundulika kihenge kikiwa kimebaki vumbi.

Kazi zake ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kuusaidia mwili kutengeneza chembe za damu. Ya pili ni kutunza utando wa mafuta unaozunguka mishipa ya fahamu, na, ikishirikiana na foleti, vitamini nyingine ya kundi B, kuuwezesha ubongo kutengeneza kemikali zinazoongoza hisia, kama serotonini na dopamini. B12 ikipungua, damu hudhoofika, miguu hufa ganzi, kumbukumbu hupotea na moyo huzama. Wengine huona au kusikia visivyokuwepo.

Madaktari wa zamani waliamini kwamba matatizo ya akili hayaji kabla damu haijapungua. Mwaka 1988 kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na John Lindenbaum lilichapisha habari za wagonjwa 141 waliopata matatizo ya mishipa ya fahamu au ya akili kwa kukosa B12. Wagonjwa 40 kati yao hawakuwa na upungufu wa damu wala chembe kubwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa "damu yako iko sawa" anaweza bado kuwa na upungufu wa B12 unaomla taratibu.

Nani yuko hatarini? Kwanza ni asiyekula kabisa vyakula vya wanyama, kwa imani, kwa umaskini au kwa ushauri alioupokea nusu. Pili ni mzee, kwa kuwa tumbo lake hutoa tindikali kidogo na hushindwa kuitoa B12 ndani ya nyama aliyoila. Tatu ni mwenye ugonjwa unaoharibu ukuta wa tumbo, ambapo protini ya kuibeba B12 hadi kwenye utumbo haitengenezwi tena. Huyo hata akila maini kila siku haimsaidii sana. Nne ni anayetumia dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli, kwa muda mrefu.

Tano ndio wagonjwa wangu. Metformini ni dawa nzuri, imeokoa maisha ya wengi, lakini hupunguza ufyonzaji wa B12. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba upungufu huu sasa unahesabiwa kuwa miongoni mwa madhara ya kawaida ya dawa hiyo, unaoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10, hasa mwenye dozi kubwa au aliyeitumia miaka mingi. Ikashauri mwenye dalili apimwe na aliye hatarini afuatiliwe. Ukiwa unaimeza, usiiache kwa kusoma makala hii. Mwambie daktari wako: "Naomba niangaliwe B12."

Walivyoambiwa ni wendawazimu

Sisi tunaokula ugali kila siku tunapaswa kuijua historia ya pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi hayo yalisambaa katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Ngozi ya mikono na shingo, inayopigwa na jua, ilibabuka, tumbo liliharisha, kisha akili ikavurugika. Wengi walianza kwa kukosa usingizi, huzuni na hasira, wakaishia kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Ilidhaniwa ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Katika hospitali za akili na vituo vya yatima aliona jambo ambalo kama muuguzi nalithamini sana: wagonjwa walipata pelagra, lakini wauguzi na wahudumu waliokaa nao mchana kutwa hawakuipata. Ugonjwa wa kuambukiza haungewabagua. Tofauti ilikuwa kwenye sahani. Wagonjwa na maskini waliishi kwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati ya miwa. Goldberger akawaongezea maziwa, mayai, nyama na kunde katika vituo viwili vya yatima mjini Jackson, Mississippi, na katika baadhi ya wodi za hospitali ya akili ya Milledgeville, Georgia, na pelagra ikatoweka. Mwaka 1915, katika gereza la shamba la Rankin, pia Mississippi, wafungwa 11 waliojitolea walilishwa mlo wa nafaka zilizokobolewa, mahindi na sukari. Sita kati yao walipata ugonjwa, na wote wakaachiwa huru kwa msamaha walioahidiwa na gavana.

Goldberger alifariki mwaka 1929 kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha kuwa ni niasini, yaani vitamini B3. Wagonjwa waliokuwa wakiweweseka walipopewa niasini, akili zao zilirejea ndani ya siku chache.

Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua. Wenyeji wa Mexico, wenye zao hilo tangu kale, huchemsha punje kwa chokaa kabla ya kusaga, na chokaa huifungua. Mahindi yaliposafiri kwenda nchi nyingine, ujuzi huo haukusafiri nayo. Tena mahindi yana triptofani kidogo. Triptofani ndiyo mali ghafi ambayo mwili hutengenezea niasini na serotonini pia.

Usidhani hayo ni ya mbali na ya zamani. Mwaka 1990, nchini Malawi, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 walipata pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula, wakabaki na mahindi zaidi. Karanga tu! Kiganja cha karanga, kijiko cha dagaa na kikombe cha maharage ndivyo vinavyotulinda sisi walaji wa ugali, na bibi zetu waliotia karanga kwenye mlenda na kisamvu walikuwa wakitulinda.

Foleti, B6 na B1

Foleti iko kwa wingi kwenye majani ya kijani, maharage, kunde na maini. Kwa watu wenye sonona, upungufu wake umeonekana mara nyingi, na wenye foleti ndogo huelekea kupata nafuu hafifu wanapotumia dawa za sonona. Hapa kwetu mboga hatukosi, tunaipoteza jikoni. Foleti huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto mrefu. Mchicha uliokatwa kwanza, ukaoshwa baadaye, ukachemshwa hadi ukabadilika rangi, kisha maji yake yakamwagwa, umebaki na kidogo sana. Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa muda mfupi, na maji yabaki kwenye sufuria.

Kuna tahadhari moja. Asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, ikitolewa peke yake kwa mtu aliyekosa B12, damu yake inaweza kutengemaa huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ndiyo maana si vema kujinunulia vidonge vya kuongeza damu mwezi baada ya mwezi bila kujua damu ilipungua kwa nini.

Vitamini B6 nayo huhitajika kutengeneza serotonini. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huipunguza, na ndiyo sababu kidonge cha B6 hutolewa pamoja nayo. Wapo wanaokitupa kwa kuona vidonge vimezidi. Wasikitupe. B1 humwishia haraka mlevi wa kupindukia ambaye pombe imechukua nafasi ya chakula. Akichanganyikiwa na kuyumba hata siku ambayo hajanywa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vidonge vina mipaka

Siku hizi sokoni, redioni na kwenye simu zetu wapo wanaouza makopo ya virutubisho kwa ahadi ya kuondoa msongo na sonona. Ushahidi hauwaungi mkono. Nchini Marekani watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, nusu wakimeza vitamini D kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti katika kupata sonona. Mwaka 2019 utafiti wa nchi nne za Ulaya, uliohusisha watu 1,025 wenye uzito mkubwa na dalili za awali za sonona, uligundua kwamba mchanganyiko wa virutubisho uliotolewa kwa mwaka mzima haukuwakinga.

Maana yake ni kwamba vidonge humsaidia aliyepungukiwa. Asiyepungukiwa hatoki kwenye sonona kwa kumeza zaidi. Ndugu zetu walioko Uingereza au Skandinavia, wenye ngozi nyeusi na jua haba, na wale wa Ghuba wanaoishi ndani kwenye viyoyozi, wana sababu ya kupima vitamini D kwa ajili ya mifupa na misuli yao. Wasitarajie vitamini hiyo peke yake iwaondolee huzuni.

Chakula kizima kina matumaini zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio dogo la watu 67 wenye sonona. Kundi moja lilisaidiwa kubadili mlo kwa wiki 12: mboga, matunda, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilipata mtu wa kuzungumza naye. Katika kundi la mlo, asilimia 32 walipona, na katika lile jingine asilimia 8. Jaribio ni dogo, na wengi walikuwa tayari kwenye tiba nyingine, lakini linatuambia sahani ni sehemu ya tiba.

Tena uhusiano huu huenda pande zote mbili. Mwenye sonona hana hamu ya kula, hawezi kwenda sokoni, hawezi hata kuwasha jiko. Hapo upungufu huingia, nao huikuza sonona iliyoutangulia. Ndivyo ninavyoamini ilivyokuwa kwa mwalimu wangu. Majonzi yalikuwa ya kweli, na B12 iliyoisha ilikuwa ya kweli. Alichomwa sindano za B12, kwanza kwa kufululiza, baadaye kwa kupishana. Daktari alimtibu sonona pia, afisa ustawi wa jamii akazungumza naye, na binti yake akapanga ale mlo wa jioni kwake na wajukuu. Ulimi ulirudi hali yake, usingizi ukarudi, gazeti likafunguliwa. Ganzi ya miguu ilipungua bila kuisha, kwa sababu tulichelewa kuletewa. Sisemi vitamini pekee ndiyo iliyompa nafuu. Nasema bila hiyo, maneno yetu yote ya faraja yasingemfikia.

La kufanya nyumbani na hospitalini

Ukiona mzazi, mwenza au jirani amebadilika kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Eleza chakula chake, dawa zote anazomeza, pombe, na dalili za mwili: ganzi, ulimi kuuma, kuyumba, kusahau. Omba picha kamili ya damu. Kipimo cha B12 hakipo kila hospitali na gharama yake si ndogo, lakini daktari mwenye maelezo kamili anaweza kuamua kuanza tiba au kukupa rufaa. Uliza pia kuhusu tezi ya shingo, kwani ikidhoofika huleta hali inayofanana na sonona.

Nyumbani, chakula cha kuzuia upungufu si cha kitajiri. Dagaa wakiliwa wazima wana B12 na niasini. Maini kidogo mara moja kwa wiki, yai, kikombe cha mtindi, maharage na kunde, karanga, mchicha au matembele ya kupikwa haraka. Dona ina vitamini nyingi kuliko sembe, kwa kuwa kiini na ganda la punje havikutupwa. Ukinunua unga wa kiwandani, chagua ulioongezwa virutubishi. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012, na asidi ya foliki na B12 ni miongoni mwa vinavyoongezwa. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi, kwa hiyo mboga ya pembeni ndiyo iubebe mzigo. Na akina baba, mnofu usiishie kwenye sahani yenu. Mama mwenye kunyonyesha anahitaji B12 zaidi kuliko ninyi, na mtoto huipata kupitia maziwa yake.

Aliyepewa dawa za sonona asiziache kwa sababu ameanza kula vizuri. Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali leo, si baada ya mazao kuvunwa.

Ombi langu kwa wauguzi wenzangu ni kuliweka swali la chakula kwenye kila kliniki, kwa sababu halina gharama. Kwa familia, naomba mtu aliyezama kwenye huzuni msimwite mvivu, msimwambie imani yake ni haba, na msimtafutie mchawi. Mpelekeni apimwe, mmlishe, mkae naye. Yote matatu ni tiba, na hakuna hata moja linaloweza kushika nafasi ya mengine.